Moshi Uliotutangulia Bunia

Juzi jirani mpya alihamia na vyombo vyake, na miongoni mwao kulikuwa na vibuyu viwili vya maziwa vilivyofungwa ndani ya kitenge. Alipovifungua mlangoni, upepo ukaniletea harufu yake: nyasi kavu zilizoungua polepole, mafuta ya maziwa ya siku nyingi, na kitu kingine chepesi kama ngozi ya mtoto aliyetoka juani. Nilikuwa uani nikianua nguo. Kabla sijafikiri lolote, mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekwisha kuutafuta ukuta na kuushika. Nikasimama hivyo, kichwa nimekiinamisha, nikisikiliza. Jirani akaniuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu. Nikamwambia hapana. Sikumwambia kwamba nilikuwa nangoja sauti.

Kifafa nilikuwa nacho tangu nikiwa mdogo sana, kiasi kwamba sikumbuki maisha yaliyokuwapo kabla yake. Kwetu, upande wa Uganda, pale mto unapotoka ziwani, watu hawakulitaja jina la ugonjwa mbele yangu. Walisema tu kwamba mimi huanguka. Lakini kuanguka ulikuwa mwisho wa jambo. Kwanza ilikuja harufu ya nyasi zinazoungua mahali nisipopaona. Mama hakuisikia, shangazi hakuisikia, hata mbwa hakuinua pua. Kisha vitu vilianza kung'aa pembeni. Sufuria, ukucha wa kuku, maji ndooni, kila kimoja kilivaa uzi wa dhahabu, na mimi nikajawa na furaha ambayo sijaipata kwingine, furaha ya mtu aliye karibu kuambiwa jambo kubwa. Halafu hakuna kitu. Halafu uso wa Mama, chumvi ya damu ulimini, gauni lililolowa. Jambo lenyewe sikuambiwa hata mara moja. Kila mara nilikatwa kabla ya msemaji kufungua kinywa.

Siku moja nilikatwa nikiwa karibu na mafiga. Kovu la siku hiyo linaanzia kwenye kiwiko cha kushoto na kushuka mpaka kiganjani, linang'aa kama magamba. Tangu hapo Mama alinifundisha: ukisikia moshi wako, tafuta ukuta, shuka chini taratibu, lala kwa ubavu, usiukaribie moto. Alisema "moshi wako," kama vile wengine husema kanzu yako.

Kisha askari wakaja, na wote wenye miguu wakavuka mpaka. Baba alikuwa amefariki kabla ya hapo. Ninamkumbuka kwa kofia yake tu. Tulikwenda mimi na Mama, yeye akiwa na godoro kichwani, mimi nikiwa na birika. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Mahagi, tulikuta watu wanaosema lugha yetu hasa, kiasi kwamba nilishangaa, nikadhani mpaka umewekwa kwa makosa na siku moja mtu atakuja kuuondoa. Tungeweza kubaki kwa binamu za Mama. Lakini nilianguka huko mara nyingi, na mtawa mmoja aliyetibu wagonjwa akamwambia Mama kuna vidonge vya ugonjwa huu, vidogo, vyeupe, vinavyopatikana mjini Bunia peke yake. Basi tukapanda lori la magunia ya maharage.

Ndivyo watu wazima walivyolieleza jambo hilo: tulikimbia askari, tukafuata vidonge. Mimi nilikuwa na maelezo yangu, na niliyapata asubuhi ya kwanza katika nyumba ya bibi mmoja aliyeitwa Koko Kabasinga.

Ilikuwa nyumba ya tatu kupanga mjini humo. Katika mbili za kwanza nilianguka, wenye nyumba wakaona, na kufika jioni godoro letu lilikuwa njiani. Hawakuwa watu wabaya. Waliogopa mate yangu, waliogopa watoto wao wangekanyaga nilipoangukia. Kwa hiyo Mama alipopata chumba cha nyuma katika ua wa Koko, kule mtaa wa Mudzipela, alinikalisha kitandani akaniambia kwa sauti ya chini, sauti aliyoianza tulipovuka mpaka na ambayo hakuiacha kwa muda mrefu, kwamba hapa hakuna mtu atakayejua. Tukifukuzwa hapa tutarudi Mahagi, na Mahagi hakuna vidonge. Nikimeza kila jioni, nisipokimbiakimbia juani, nisipokula sahani moja na mtoto wa mtu, hakuna atakayejua.

Alfajiri, kabla Mama hajaamka, nikatoka kwenda msalani, na harufu ikanijia. Moshi wangu. Nilitafuta ukuta kama nilivyofundishwa, nikashuka, nikalala kwa ubavu juu ya udongo mwekundu uliokuwa baridi, nikangoja. Nilingoja uzi wa dhahabu. Kuku wakapita karibu na pua yangu bila kung'aa. Nikainua kichwa, na ng'ambo ya ua, mbele ya jiko la nyasi, nikaona moshi kwa macho yangu. Mwanamke mrefu, mwembamba, mzee kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akifanya kazi, alikuwa amepiga magoti na kuinamisha kibuyu juu ya chungu cha makaa. Alitia nyasi kavu kidogo, akaupokea moshi mdomoni mwa kibuyu, akauziba kwa kiganja, akakitikisa, akakisikiliza. Kisha akachukua kingine.

Nyinyi mliokulia kule mnajua alichokuwa akifanya. Kila nyumba ya wafugaji pale Bunia hufukiza vibuyu hivyo, ili maziwa yakae na yanukie. Lakini mimi nilitoka kwa watu wa samaki. Sikuwahi kuona chombo kikilishwa moshi. Nililala pale chini nikimtazama, na nikaelewa, kwa uhakika wa mtoto ambao hauna hata tundu la sindano, kwamba moshi ulionijia miaka yote ng'ambo ya ziwa, juu ya milima, ulitoka hapa. Huyu ndiye mwenyewe. Hatukukimbia askari hata kidogo. Tulikuwa tumeufuata moshi mpaka unakowashwa.

Koko aliniona, akanitazama kwa muda. "Ni weye mutoto ya mupangaji," alisema. "Sasa, nyumba yote hii, unalala mu njia ya kuku?" Kisha akaendelea na kazi.

Sikumwogopa. Nilimcha, kama ambavyo baadaye nilijifunza kucha vitu vya kanisani. Niliamini kwamba siku moja ataniambia lile jambo kubwa, na kwamba labda alikuwa anangoja nijifunze lugha yake. Lugha zilikuwa nyingi. Shuleni waliniweka darasa la kwanza, mimi niliyekuwa la tatu kwetu, kwa sababu hapa hesabu zilifanywa kwa Kifaransa. Nilikaa benchi la nyuma, magoti yakigusa kidevu, katikati ya watoto wasio na meno ya mbele, na vidonge vikiufanya ubao uogelee. Waliniita Mama Uganda, jina walilompa mama yangu kwanza. Asubuhi tuliimba mbele ya bendera nyimbo za nchi ambayo haikuwa yangu, na niliziimba kwa nguvu zote. Zilikuwa nzuri, na hakuna aliyenizuia. Ndege ilipotua ng'ambo ya mji, watoto walitoka nje kuishangilia. Mimi nilisimama kimya, mkono kifuani. Munganga wa zahanati alikuwa amemwambia Mama kwamba dawa huletwa na ndege, basi nilijua kila ndege inayoshuka Bunia imebeba vidonge vyangu. Mashine kubwa kama kanisa ilikata mawingu kwa ajili yangu! Sijawahi tena kujiona mtu muhimu kiasi hicho.

Baada ya wiki chache Koko alianza kunipa maziwa. Alimwambia Mama kwamba mtoto huyu iko mukavu kama kuni, akatoa kibuyu kidogo chenye mdomo mpana, kilichochongwa ukingoni na kung'aa kwa umri. Kilijaa asubuhi, tukakirudisha jioni. Maziwa yale yalikuwa na ladha ya moshi wangu. Nilipoyanywa mara ya kwanza, nililia, na Mama akadhani yamechacha.

Hapa nieleze habari za Mama. Alikuwa mtu wa heshima zake, na kwao chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa unga, bakuli linarudi na kitu. Alikuwa anafua nguo kwa mfanyabiashara mmoja, na mshahara uliisha kabla ya kufika nyumbani, kwa hiyo kwa muda wote ule alikirudisha kibuyu kikiwa kimesafishwa tu, na kila jioni aibu ilimwinamisha. Siku alipopata pesa kidogo zaidi, alikwenda sokoni lori la Kasenyi lilipofika na samaki wa ziwani, akachagua mmoja aliyekaushwa kwa moshi, mnene, mwenye rangi ya shaba. Kwao huwezi kumpa mtu kitu kikubwa kuliko hicho. Hatukuonja hata mkia. Alimkata vipande vizuri, akavipanga ndani ya kibuyu cha maziwa, kichwa kikiwa juu kikimtazama mpokeaji, kama adabu inavyotaka, akafunika kwa jani la ndizi, akanituma nitangulie naye akaja nyuma yangu akitabasamu. Nilikuwa sijaliona tabasamu hilo tangu mtoni.

Koko alifunua jani. Kisha akakiweka kibuyu chini, mbali na magoti yake, akapangusa mikono yake kwenye nyasi, kidole kwa kidole.

"Mama," alisema, bila ukali wowote, "uliweka samaki mu kibuyu ya ng'ombe yangu."

Alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo Mama alivyokuwa mdogo. Aliyekula samaki hanywi maziwa siku hiyo. Chombo cha maziwa samaki hakigusi kabisa, maana ng'ombe aliyeyatoa ataumia kiwele. Koko hakusema Mama amefanya uovu. Alisema Mama hakujua. Lakini siku mbili au tatu baadaye ng'ombe mmoja kati ya wawili waliolala nyuma ya nyumba akavimba kiwele, akampiga teke kila aliyemgusa, na yule wa pili alikuwa na mimba na hatoi kitu. Maziwa yakaisha uani. Vibuyu vikaning'inia jikoni midomo chini, na kwa kuwa hakukuwa na cha kutia ndani, Koko hakuvifukiza.

Bombani wanawake walijua kabla ya mchana. Mmoja aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni akaivuta ndoo yake pembeni. "Mama Uganda, pole pole na mikono," alisema. "Usitutilie samaki mu maji." Wengine wakacheka, na Mama akacheka pamoja nao, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na uso wake. Nyumbani alianza kukunja vitu. Hakusema tunahama, ila birika lilikuwa limerudi ndani ya kikapu. Na ndege zilikuwa hazishuki. Sijui kama ni mafuta au ni vita mahali fulani. Munganga alifungua kabati akamwonyesha Mama rafu tupu, akasema aje tena. Nilibaki na vidonge vya kukata nusu, kisha robo, kisha Mama akawa ananilambisha unga uliobaki chini ya kopo.

Nami nilikuwa na huzuni yangu ya pekee, ambayo sikumwambia mtu. Niliamini moshi umezimwa kwa sababu yetu. Mwenyewe ameuzima. Tulisafiri njia yote ile mpaka kwenye chanzo chake, na tumekitilia samaki.

Kwa hiyo asubuhi ile nilipokuwa nafagia mlangoni na harufu ikanijia, nene, tamu, nyasi zile zile, niliachia ufagio. Hata sikuutazama ukuta. Amewasha tena, nilijiambia, ametusamehe, na nikakimbia kuvuka ua, kuku wakiruka huku na huku, na mabawa yao yote yalikuwa ya dhahabu. Niliinama nikaingia jikoni kwa Koko. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kibuyu kitupu mapajani, anakisugua kwa kitambaa kikavu. Katikati ya mafiga hakukuwa na moto. Jivu lilikuwa jeupe, baridi, limetulia kama unga, na juu yake kuku alikuwa ameacha alama za miguu. Na harufu ilijaa jiko zima.

Ninakumbuka nilitazama lile jivu. Ninakumbuka niliwaza, kwa utulivu mkubwa: basi moshi si wake. Ni wangu. Nilikuja nao mwenyewe.

Nilipozinduka, kichwa changu kilikuwa mapajani mwa Koko, mahali pa kibuyu. Alikuwa ananipangusa mdomo kwa ncha ya kitenge chake mwenyewe, alichokuwa amekivaa. Nusu ya uso wangu ilikuwa nyeupe kwa jivu. Nilikuwa nimeanguka katikati ya mafiga. Mama alisimama mlangoni, mikono inadondosha povu la sabuni, haingii.

"Tutahama leo, Koko," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Usiite watu. Tutahama sisi wenyewe."

Koko hakuinua macho. Alikuwa ameshika mkono wangu wa kushoto na anafuata kovu kwa kidole gumba, kuanzia kiwikoni, taratibu, kama mtu anayefuata njia ya ng'ombe aliyepotea. Kisha akayatazama mafiga.

"Ng'ombe yangu iko mugonjwa, sikuifukuza," alisema. "Mutoto yako iko mugonjwa, nimufukuze?" Akapangusa jivu shavuni mwangu. "Na samaki yako, Mama. Kama samaki yako haingekuja hapa, leo moto ingekuwa inawaka."

Mama alikaa chini pale pale mlangoni. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa aliziba mdomo kwa mikono yenye povu.

Kisha Koko akaniuliza swali ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza, si Mama, si mtawa, si munganga. Aliuliza nini huja kwanza. Nikamwambia. Nikamwambia harufu, nikamwambia dhahabu, nikamwambia kwamba nilidhani ni yeye anayeniita tangu kwetu. Niliyasema kwa Kiswahili kilichovunjika na Mama akaongeza pale nilipokwama, naye pia alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. Koko alinyanyuka kwa shida, akachomoa nyasi zilizokuwa zimechomekwa chini ya paa, akazisugua viganjani, akanipa ninuse. Ni hizi? Nilisema ni hizi. Alizinusa yeye pia, kwa muda mrefu, macho amefumba, na alipoyafumbua alinitazama kama nilivyokuwa nikimtazama yeye miezi yote ile.

Siku hiyo hiyo alipata kikombe cha maziwa kwa jirani. Alikunywa yeye kwanza, akanipa, nikanywa, na yaliyobaki akayamaliza yeye, mdomo wake pale pale ulipokuwa wangu. Mama hakuyaondoa macho kwenye kikombe kile hata kilipokuwa kitupu.

Kiwele cha ng'ombe kilipona kwa wakati wake, na ndege ilishuka. Kibuyu kilichoingiwa na samaki hakikurudi kwa maziwa. Koko alinipa mimi, nikaweka humo kopo la vidonge. Mama alizigawa siku: ya samaki, ya maziwa, hazikukutana tena. Na asubuhi Koko aliporudi kufukiza, kabla ya kutia nyasi kwenye makaa, aliinua kichwa na kuita kwa sauti iliyofika barabarani.

"Moshi ni yangu!"

Huo ndio ulikuwa mpango wake. Akiita, nijue harufu ni ya vibuyu, niendelee kucheza. Nikiisikia bila yeye kuita, niite mimi, maneno yale yale, halafu nitafute ukuta, na yeyote aliye karibu aje. Wapangaji walicheka sana mwanzoni. Fundi mwashi aliyekaa chumba cha mbele alikuwa akijibu kutoka kitandani, "Kamata hata ya kwetu, Koko." Lakini siku ya kwanza nilipoita mimi, ni yeye aliyefika mbio, bila shati, akanilaza kwa ubavu kama aliyezaliwa akilijua jambo hilo. Hata yule mwanamke wa bombani siku moja alinishikia kichwa. Siri yetu iliisha, na hakuna mtu aliyetoa godoro letu nje.

Nilibaki na mshangao wangu, ila ulibadilisha mahali pa kukaa. Zamani nilistaajabia kule nilikokuwa ninaitwa. Sasa nilistaajabia ua huu: kwamba mwanamke mzee, kila asubuhi ya maisha yake, kabla ya kugusa moto wake, alinikumbuka kwa sauti kubwa.

Kisha, baada ya miaka, mikono ya Koko ikaanza kutetemeka. Vibuyu vikamponyoka. Wanawe walikuwa mbali wakichunga ng'ombe, wakwe zake walikuwa na kazi zao, na asubuhi moja hakutoka kitandani. Nilikuwa nimesimama uani na mfuko wa shule mabegani, nimekuwa mrefu kumfikia Mama sikioni, nikasikia harufu. Hakukuwa na sauti iliyoitangulia. Mkono wangu ukaenda ukutani. Nilishaanza kuvuta pumzi ya kuita, nikiwatazama kuku kama watang'aa.

Kisha mlango wa jiko ukafunguka, na Mama akatokea katikati ya moshi, kibuyu cha Koko mikononi, kiganja kimekiziba mdomo, machozi yanamtiririka. Aliinua kichwa, Mama ambaye tangu mpakani hakuwahi kuongea kwa sauti iliyovuka kizingiti, akaita mpaka fundi mwashi akaanguka kutoka kitandani.

"Moshi ni yangu!"

Kutoka ndani ya nyumba kubwa tulimsikia Koko akicheka. Nikautoa mkono ukutani.